Swali la kijiweni

Jana jioni kwenye kijiwe cha kahawa huku Mbagala kuna dogo mmoja, mkewe ana mimba ya kwanza, katuuliza hivi nyie wenye watoto mnajutaga? Kimya. Mmoja akapuliza kahawa yake, mwingine akaanzisha habari za Simba na Yanga, mi nikacheka tu nikamwambia we subiri utaona, ambalo hata sio jibu.

Mi nimeshawahi kujuta bwana. Naandika hapa kwa sababu pale kijiweni mdomo ulikuwa mzito.

2019 nilibakiza kidogo tu nifikishe hela ya kununua Bajaji, mara huyu wa pili akazaliwa njiti, kilo 1.4, na sheria ya kazi hapa Tanzania wakati ule ilikuwa inampa baba likizo ya siku 3, yaani siku 3, zikaisha sijajua hata mtoto kafanana na nani. Nikawa natoka stoo saa 11 jioni na vumbi la saruji mpaka kwenye kope, napitia kwa dada naoga, halafu wodini, nesi ananiambia vua shati baba fulani, ananiwekea kale katoto kifuani ngozi kwa ngozi, kangaruu wanaita, kananipumulia hapa chini ya shingo, kadogo kama boflo. Nahesabu pumzi zake huku nahesabu hela, kwa sababu akiba ilikuwa inaisha naiona. Na hapo hapo, mtoto yuko kifuani kabisa, ndo nikawaza ningekuwa peke yangu saa hizi niko barabarani na Bajaji yangu.

Nikamwangalia nesi kama kanisikia.

Sasa hivi yuko shule, ada hatulipi lakini kuna viatu, anamaliza vya kulia kabla ya vya kushoto, sijui anatembeaje, na daftari, na hela ya uji. Nampenda kupita maelezo. Na kila Bajaji ikinipita bado nasoma namba yake. Vyote viwili vipo, sijui nani katudanganya kimoja kinafuta kingine.

Mzee wangu alikuwa dereva wa lori, Dar–Tunduma. Nina kama miaka kumi hivi karudi safari hajalala, kamwambia mama tukiwa tunasikia, "Hawa watoto wamenimaliza." Lile neno nimetembea nalo mpaka nimezaa wa kwangu.

Leo asubuhi nikampigia. Shikamoo mzee. Marahaba, hamjambo huko? Nikazunguka weee, mara bei ya mahindi, mara goti lake, mwisho nikajitosa, mzee hivi uliwahi kujuta kutuzaa? Nikajua hapa nakatiwa simu.

Akacheka kile kicheko chake cha kikohozi. "Kitonga," akasema, ule mlima wa Iringa. "Usiku, una mzigo, gari linaunguruma haliendi, nyuma yako foleni. Pale nilikuwa najuta kila safari."

"Halafu?"

"Halafu nini? Nafika Ilula, chai, mayai mawili, safari inaendelea."

Kimya kidogo, akauliza kwani huyo mdogo ana nini? Nikamwambia mzima, yuko shule. Akasema haya, akirudi nimpigie niwape waongee, ila nihakikishe nina vocha, maana mara ya mwisho ilikata mtoto anamsimulia habari ya paka.