Nilivyoifufua gramafoni ya baragumu iliyotoka Wete

Gramafoni yangu ya kwanza ilikuwa ya bandia. Niliinunua katika duka moja la vitu vya kale Mji Mkongwe: baragumu la shaba linameta, sanduku la pembe nane, picha ya yule mbwa wa nembo anayesikiliza gramafoni imebandikwa ubavuni. Niliapiwa kuwa ni ya mwaka 1910. Akiba ya miezi mitano ikaondoka hivyo.

Nyumbani nikafungua ubao wa juu. Skrubu zote zilikuwa za kichwa cha msalaba, zile alizozipatia hataza Phillips wa Marekani mwaka 1936. Mtambo wa ndani ulikuwa mdogo, umeng'olewa kwenye gramafoni ya mkoba, ile ndogo ya kubebeka. Baadaye nikajua kuwa za aina hii zinaunganishwa India na kuuzwa kwa watalii dunia nzima. Iliniuma mno, lakini niliifungua mara nyingi hata nikajua pa kutazama.

Kwanza huangalia baragumu. La bandia ni shaba nyepesi, mshono wa lehemu umevimba, na kiwiko kinacholiunganisha na mkono unaobeba sindano kimekunjwa ovyo kama bomba la maji. Mabaragumu ya asili yenye umbo la ua lililochanua mengi ni ya bati la chuma lililopakwa rangi, kwa hiyo mng'aro mwingi hunitia shaka. Picha ya mbwa haithibitishi kitu. Ilichorwa na Francis Barraud, kampuni ya Gramophone ya London ikainunua mwaka 1899, na leo yeyote anaweza kuichapisha. Kabla ya mbwa, alama yao ilikuwa malaika anayeandika kwa unyoya juu ya santuri.

Kwetu hapa za baragumu ni adimu, na sababu ninaiona katika tarehe. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na hapo ndipo santuri za Kiswahili zilipoanza kuingia majumbani. Wakati huo baragumu la nje lilikuwa limeshapitwa. Kampuni ya Victor ya Marekani ilikuwa imelificha ndani ya kabati tangu 1906. Ndiyo maana ukiwabishia hodi wazee wenye santuri, mara nyingi utaletewa gramafoni ya mkoba.

Basi shangazi yangu wa Wete, Pemba, aliponipigia simu kwamba juu ya dari kuna "kinanda cha babu yako chenye kama ua jeusi", usiku ule sikulala. Asubuhi nilikuwa bandarini Malindi, hapa Unguja.

Sanduku lilikuwa la mwaloni, chini limeliwa na bungua. Skrubu zote za mfuo mmoja. Baragumu jeusi, lina mstari mwembamba wa dhahabu ukingoni, na petali moja imetobolewa na kutu. Kijana mmoja pale nyumbani alitaka kulisugua kwa msasa mpaka ling'ae. Nilimzuia kwa mikono miwili. Rangi ile ya kiwandani ikishaondoka hairudi, na kwangu mimi mashine iliyosuguliwa hivyo imeshapoteza nusu ya uhai wake.

Niliileta Unguja, na kabla ya kugusa lolote niliiacha springi ijifungue yote. Ni utepe mrefu wa chuma uliojiviringa ndani ya pipa, na ukifumuka hali umekazwa unakata vidole. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka, nyeusi kama ukoko wa sufuria. Niliiosha kwa mafuta ya taa siku mbili, nikapaka grisi yenye grafaiti. Gavana, ile sehemu ya vizito vitatu inayozuia mtambo usikimbie, ilikuwa nzima; nilibadilisha tu kipande cha sufu kinachoibana.

Kazi iliyonichukua muda mrefu ni kisanduku cha sauti. Ni kiduara kinachokaa kiganjani, ndani yake mna kiwambo cha ulanga, yale madini yanayobanduka kwa matabaka, chembamba hata kinapitisha mwanga, na sindano inakitikisa. Pembeni kinashikiliwa na pete mbili za mpira, moja kila upande. Za hii zilikuwa zimekauka zikawa kama mifupa. Mpira usipokuwa laini kiwambo hakitikisiki sawasawa, na sauti hutoka imebanwa, inakwaruza. Nilizunguka Darajani nzima nikitafuta mpira mwembamba wenye tundu. Nilikuja kuupata kwa fundi baiskeli: ule mpira wa kuvisha vali. Niliupasua kwa wembe kwa urefu wake, nikauzungusha ukingoni mwa ulanga, nikakaza skrubu kidogo kidogo huku nikikisikiliza kiwambo kwa kukigonga na ukucha. Ukikaza sana kinakufa, ukilegeza kinalia kama nyuki. Nilirudia mara saba.

Petali iliyotoboka niliipeleka kwa fundi bati anayetengeneza vibatari. Alilehemu kwa ndani, kitambaa kilichorowa maji kikiwa nje ili moto usiiunguze rangi. Kovu linaonekana ukichungulia, nami sikulificha. Sanduku nililifuta kwa kitambaa kikavu tu. Spiriti ni marufuku, kwani vanishi ile inatokana na utomvu wa mdudu, na spiriti inauyeyusha. Santuri za zamani nazo zimetengenezwa kwa utomvu huohuo.

Mwendo niliupima kwa kipande cha karatasi chini ya santuri, nikahesabu mizunguko kwa saa ya simu. Ilikuwa 84 kwa dakika. Nilizungusha kiskrubu cha gavana mpaka ikatulia kwenye 78.

Nilivuka nayo kurudi Pemba baada ya Idi. Shangazi aliketi kwenye mkeka, akaniomba atie ufunguo yeye mwenyewe. Alikizungusha kipini polepole, nikamwambia aache kabla hakijawa kizito sana. Santuri ilikuwa ya kawaida, ya India. Ya Siti ninayo, lakini siiwekei kisanduku cha sauti kizito kama kile, kisije kikaikwaruza. Upande mmoja ni kama dakika tatu. Ilipokwisha akanyoosha mkono aigeuze.

"Subiri, shangazi," nikamwambia, nikafungua kopo la sindano. "Kila upande na sindano yake mpya."