Picha ya kifua safi, ngazi za Manzese zinanikataa

Daktari akikuambia "picha ya kifua imetoka safi, nenda ukapumzike", na wewe unajijua hupumui vizuri, usiende. Mimi nilienda. Nilienda mara tatu, kwa madaktari watatu, na kila mara nilirudi na mfuko mpya wa dawa za ugonjwa ambao sikuwa nao.

Mimi ni fundi bomba wa Manzese, Dar es Salaam. Riziki yangu iko ghorofa za juu ambako maji hayapandi. Julai 2021 korona ilinikamata, na kile kijiti cha puani kikathibitisha. Sikulazwa. Nilijifungia chumbani wiki mbili, nikapiga nyungu mpaka mashuka yakanuka mkaratusi. Chanjo ilipozinduliwa nchini tarehe 28 mwezi huohuo, nilikuwa nimelala chali naisikia redioni. Agosti nikarudi kazini, nikatamba kijiweni kwamba korona ni mafua yenye sifa za bure.

Oktoba ngazi zikaanza kunidai. Daraja la waenda kwa miguu la Manzese nilikuwa nalipanda na mzigo begani huku naongea na simu. Siku hiyo sikuwa na mzigo wala simu, lakini katikati nikashika chuma kama mzee wa miaka tisini, moyo unapiga kama jenereta bovu. Mama mmoja muuza karanga akaniuliza, "Baba, nikuitie bodaboda?" Bodaboda, juu ya daraja!

Ushauri ukaanza kumiminika. Shemeji yangu alisema ni gesi. Jirani alisema vidonda vya tumbo, kwa sababu kwake yeye kila kitu ni vidonda vya tumbo. Daktari wa kwanza alisema mawazo, wa pili akanipa dawa ya pumu ya kuvuta, na wa tatu akaniangalia kitambi akacheka. Lakini ushauri uliokaribia kuniua ni wa katibu wa klabu yetu ya jogingi: "Mapafu yamelala hayo, fundi. Yatoe jasho, yatafunguka."

Nikamwamini, maana mimi ndiye niliyekuwa naongoza nyimbo. Jumapili alfajiri tukatoka Manzese kuelekea Magomeni, fulana mpya, filimbi mdomoni. Hadi kituo cha Argentina naimba. Kufika Kagera naimba herufi za mwisho tu. Mbele ya Mwembechai nikaipuliza filimbi, haikutoa sauti, nikadhani imeharibika. Kumbe pumzi ya kuipuliza haipo! Macho yakaingia giza, nikajikuta nimekumbatia mkokoteni wa muuza miwa, na yule kijana analia kwamba nimemwangushia glasi. Wenzangu walinipita wakipiga makofi wakidhani nafanya vituko. Nikalipa glasi mbili, nikarudi nyumbani na bajaji. Nikimpata mtu anamwambia mgonjwa wa korona "jilazimishe tu", huwa namwonyesha kovu la gotini nililolipata siku hiyo.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu anayesoma uuguzi. Alikuja kutusalimia na kile kidude cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni. Nikamwambia nimeshapimwa mara nyingi, inatoka asilimia 97, nzuri tu. "Mjomba, walikupima umekaa?" Nimekaa, ndiyo. Mgonjwa anapimwa amesimama wapi? Akavuta kiti cha plastiki, akasema nisimame na kukaa bila kushika kitu, haraka niwezavyo, kwa dakika moja. Nikafika mara 17. Namba ikaanza kushuka: 95, 92, 90, ikatua kwenye 87, na mapigo ya moyo yamepita 130. Mke wangu alianza kukusanya nguo za hospitali kabla hata sijapata pumzi ya kuuliza nini maana yake.

Hapa ndipo najipongeza. Kesho yake nilinunua kidude changu dukani, kama elfu arobaini hivi, nikakitia mfukoni, nikarudi kwa daktari wa tatu, yule wa kitambi. Akapima: 97. Akashika kalamu aandike dawa. Nikamwambia, "Samahani daktari, naomba dakika moja ya kiti chako." Nikaanza kusimama na kukaa pale mbele yake. Nesi aliyefungua mlango aliufunga haraka. Dakika ilipoisha nikamsogezea kidole: 88. Daktari akakitikisa kidude, akajipima mwenyewe, akapata 98, akanipima tena. Akanyamaza. Kisha akaandika rufaa kwa mwandiko ambao kwa mara ya kwanza niliweza kuusoma.

Hospitali kubwa walichukua damu, wakapima na figo, halafu CT scan ya mishipa ya mapafu. Hii si ile picha ya kawaida ya kifua. Wanakuchoma dawa mkononi ili mishipa ionekane, na ikiingia unasikia joto kutoka kooni hadi chini, unaapa kwamba umejikojolea. Nilijikagua kwa siri. Sikuwa nimejikojolea. Gharama yote na vipimo vya damu ilikula laki nne na ushee, na bima iligharamia baadhi ya vitu, vingine ikavikana.

Majibu: mabonge ya damu kwenye mishipa ya mapafu, pande zote mbili. Daktari pale, binti mdogo ambaye angeweza kuwa mwanangu, aliuliza nafanya kazi gani. Nilipomjibu akafurahi, akasema basi utanielewa haraka. Hewa inaingia kwenye mapafu yako vizuri, ndiyo maana picha ya kifua ni safi. Kinachokosekana ni damu ya kuifuata hiyo hewa, kwa sababu bomba limeziba. Kirusi cha korona, akasema, hakiishii kwenye vifuko vya hewa. Kinaumiza pia utando wa ndani wa mishipa, na utando ukishaumia damu inanasa na kuganda. Nikamwambia kwetu hiyo ni kutu: bomba jipya linateleza, lenye kutu linashika kila uchafu unaopita. "Enhee," akasema, "na pampu je?" Pampu ikisukuma maji kwenye bomba lililoziba huungua. Akanionyesha kipimo cha moyo, upande wa kulia, ule unaosukuma damu mapafuni, umeanza kutanuka. Nilicheka kidogo, halafu nikaacha kucheka.

Nilichotaka kujua ni kwa nini mimi, niliyeugulia nyumbani bila hata mtungi wa oksijeni. Baadaye nikasoma kwamba huko Sweden waliwafuatilia watu zaidi ya milioni moja waliopata korona, na utafiti uliotoka 2022 ukaonyesha kuwa hatari ya damu kuganda mapafuni hubaki juu hadi miezi sita, hata kwa walioumwa kidogo. Mimi nilipatikana Desemba, mwezi wa tano tangu niugue.

Nilianza na sindano za tumboni, kisha vidonge vya wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kuna vidonge vipya zaidi visivyohitaji kupimwa damu mara kwa mara, ila bei yake niliposikia nikaomba kurudia kusikia. Wafarini ni rahisi mfukoni, lakini ina masharti kama mke wa pili. Damu inapimwa kipimo kinaitwa INR, kwangu ilitakiwa iwe kati ya 2 na 3. Ikipungua, damu inaganda. Ikizidi, unatoka damu ovyo.

Mwezi wa pili wa dawa, INR ikashuka hadi 1.3. Daktari akanihoji kama polisi: umeruka dozi? Sijaruka. Unatumia dawa za kienyeji? Hapana. Unakula nini? Hapo nikakumbuka kwamba mama mkwe alikuwa amekuja kuniuguza, na kwa imani yake mgonjwa wa damu anaongezwa damu: asubuhi juisi ya mchicha, mchana kisamvu, usiku matembele. Mboga za majani ya kijani zina vitamini K, ambayo inapambana na wafarini moja kwa moja. Mama wa watu alikuwa ananiua kwa upendo, na kisamvu chake cha nazi, wallahi, kilistahili. Dawa yake si kuacha mboga. Kula kiasi kilekile kila wiki, nao watapanga dozi kufuata sahani yako. Kumweleza mama mkwe hilo bila kumvunjia heshima ilinichukua siku tatu na mjumbe mmoja.

Diklofenaki za dukani nazo nilizoea kumeza mgongo ukiuma. Nilimeza moja tu, asubuhi mswaki ukawa mwekundu. Tangu hapo kila duka la dawa naanza kwa kusema natumia wafarini, hata nikienda kununua pamba.

Baada ya miezi sita nikarudia kipimo cha moyo. Upande wa kulia umerudi karibu na kawaida. Mabonge makubwa yameyeyuka, ila sehemu moja imebaki kovu ndani ya mshipa. Daktari alisema wapo wachache ambao makovu hayo hubana hadi presha ya mapafuni inapanda moja kwa moja, ndiyo maana hakuniruhusu kuacha dawa kwa kujisikia nafuu, ingawa nilimwomba vizuri sana.

Kiti cha plastiki bado nakitumia kila Jumamosi na namba naandika ukutani kwa penseli, pembeni ya vipimo vya bomba. Wiki iliyopita: mara 26, oksijeni 93. Klabu ikipita Jumapili natembea nyuma na kina mama, nimebeba maji. Filimbi nimemwachia katibu. Mizigo ya ghorofani anabeba kijana wangu wa kazi, mimi nafuata taratibu, napumzika kila kituo nikijifanya nakagua bomba.