Leseni Niliyoilipia Mara Mbili

Mama aliuza mbuzi watatu pale mnada wa Msalato, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi ya mwaka 2018, akanikabidhi hela zikiwa zimefungwa kwenye pindo la khanga. Mimi nilikuwa nimedunduliza kwa miaka miwili ya ukatibu muhtasi kwenye ofisi moja mjini Dodoma. Tukachanganya. Ijumaa ya tarehe 28 nikaingia dukani, nikatoka na laptopu mpya kabisa, boksi halijafunguliwa. Sikuwahi kumiliki kitu cha bei ile. Kwenye daladala nilikaa nayo mapajani kama mtu aliyebeba trei la mayai.

Nilikuwa nimepanga fremu Ng'ong'ona, nyuma ya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nifungue steshenari. Anayeijua Ng'ong'ona anajua hosteli za wanafunzi zilivyosongamana, vumbi, na ule upepo wa Dodoma wa mchana unaokubamizia mlango hata kama hujaugusa. Kazi ilikuwa ipo. Wanafunzi wanachapa, wanatoa kopi, na mwezi wa sita ukifika wanafunga ripoti zao za utafiti usiku na mchana.

Nilipoiwasha mara ya kwanza iliniuliza nchi, lugha na jina, nikajibu, ikafunguka vizuri. Kesho yake nikafungua Word niandike bango la bei. Likaja tangazo kwamba ninatumia kwa majaribio na muda wangu ni mwezi mmoja. Moyo ulinipasuka. Nikawaza mbuzi wa mama, nikawaza mwezi mmoja. Sikusoma tena neno lingine kwenye lile tangazo. Nikafunga laptopu, nikapanda daladala kwenda kwa fundi.

Fundi alikuwa kijana mstaarabu, mwenye kibanda chake mjini, watu wamejipanga. Akaniambia, "Dada angu, hizi mashine mpya zote zinakuja na Windows ya majaribio. Mwezi ukiisha, inakusumbua." Nikamuuliza kama ana hakika, maana dukani walisema ina kila kitu. Akaigeuza juu chini, akanionyesha mgongo wake. "Unaona namba hapa? Hakuna. Ingekuwa na leseni, ungeziona."

Hapo ndipo aliponishinda kabisa, kwa sababu namba hizo nilikuwa nazijua. Kule ofisini tulikuwa na kompyuta za mezani za Windows 7, na ubavuni mwa kila boksi kulikuwa na stika yenye herufi na tarakimu 25, mafungu matano ya tano tano, na mstari mfupi katikati ya fungu na fungu. Siku moja bosi aliniagiza nizinakili zote kwenye daftari. Nilipiga magoti chini ya meza na tochi ya simu, napambana kujua hii ni B au ni 8, hii ni G au ni 6, maana stika zilikuwa zimesuguliwa na miguu ya watu. Kwa hiyo nilipoangalia mgongo wa laptopu yangu nikaona stika ndogo tu imeandikwa Windows, bila namba hata moja, nikaamini. Mashine yangu haina leseni.

"Nakupigia Windows ya makampuni, Enterprise," akasema. "Elfu thelathini. Hiyo haina mwisho."

Akachomeka flashi, akafomati kila kitu. Windows mpya ilipokaa akafungua kiprogramu fulani cha kuiaktiveti, yaani kuifanya ikubali kwamba ina leseni. Kabla ya kukibonyeza akaingia kwenye setingi za ndani kabisa, akasema, "Huu ulinzi wa virusi lazima tuuzime kwanza, maana utaikataa." Niliisikia sentensi hiyo vizuri sana. Niliisikia, nikanyamaza, nikatoa elfu thelathini.

Miezi ikaenda. Biashara ilianza taratibu, ikashika kasi. Nilinunua printa, baadaye mashine ya kupiga spairo. Sina la kusimulia sana hapo.

Mwishoni mwa mwezi wa sita, 2019, wakati foleni ya ripoti imefika hadi barazani, asubuhi moja nikawasha nikakuta picha ya shamba la zabibu la Hombolo niliyokuwa nimeiweka imeondoka. Kioo cheusi tupu. Chini kulia kulikuwa na maandishi ya kijivu, hafifu, kama ukungu wa pumzi kwenye dirisha, yananitaka niiaktiveti Windows. Nikifungua Word yapo juu yake. Nikifungua ripoti ya mtu, yapo juu ya sura yake ya kwanza. Hayakutoka kwenye karatasi nilipochapa, lakini wanafunzi wanaosimama nyuma yangu wakisubiri walikuwa wanayasoma. Nilikuwa nasogeza kiti ili bega langu liikinge ile kona.

Siku mbili baadaye akaja binti mmoja wa mwaka wa tatu, mpole, wa kutoka Mvumi. Alichapa kurasa chache, akaenda. Baada ya nusu saa akarudi anakimbia, machozi yako karibu. "Dada, risechi yangu haipo." Nikachomeka flashi yake. Mafolda yake yote yalikuwa yamepotea, kimebaki kialama kimoja chenye mshale mdogo kwenye kona, shotikati, na ukikibonyeza hakikufikishi popote. Miezi minane ya kazi yake, mahojiano na wakulima, yote ilikuwa kwenye flashi ile tu. Mikono yangu ilikufa ganzi. Nilijua bila kuambiwa kwamba imetokea mezani kwangu.

Alikuwa na mwenzake wa chumba anayesoma CIVE, ile ndaki ya kompyuta. Akampigia. Msichana akafika amevaa ndala, akaniamkia, "Shikamoo dada," akaomba kiti. Sikumpa nafasi ya kuuliza, nilimweleza yote, na neno la fundi kuhusu ulinzi pia nikalisema.

Alianza na flashi, kwenye laptopu yake mwenyewe. Alifungua lile dirisha jeusi la amri, akaandika mstari mmoja, akasubiri. Mafolda yakajitokeza moja baada ya jingine. "Hayakufutwa," akasema. "Kirusi cha namna hii kinayaficha, kinaweka shotikati ili ukibonyeza kihamie na kwako." Yule wa Mvumi alikaa chini pale pale sakafuni, akafunika uso kwa mtandio wake. Nikamletea maji. Hadi leo nikikumbuka steshenari ile, nakumbuka kwanza mtandio ule.

Kisha akageukia mashine yangu. Akaandika amri fupi, kikatokea kidirisha kirefu cha maelezo. Akaweka kidole kwenye neno moja: KMS. "Dada, leseni ya aina hii ni ya kampuni au taasisi kubwa. Taasisi inakuwa na seva yake, kompyuta kuu inayohudumia nyingine, na kila kompyuta inatakiwa iripoti pale angalau mara moja ndani ya siku 180. Wewe huna seva. Kile kiprogramu cha fundi kilijifanya ndiyo seva, kikakupa siku 180, zimekwisha." Nikachukua kalenda ya ukutani nikahesabu kutoka tarehe 29 Desemba, siku niliyokwenda kwa fundi. Nikaangukia tarehe 27 Juni, asubuhi ile ile ya kioo cheusi.

"Na ulinzi?" nikamuuliza.

"Fundi aliuzima kwa namna ambayo usingejiwasha wenyewe tena. Miezi sita mashine imekaa mlango wazi."

Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: ilipotoka dukani, ilikuwa na Windows gani? Nikamwambia ilikuwa ya majaribio, haikuwa hata na namba mgongoni. Akatikisa kichwa. Akaandika amri nyingine, ndefu, anairudia herufi kwa herufi asikosee, akabonyeza. Kukatokea mstari mmoja wa maandishi meupe: mafungu matano ya tano tano.

Nilisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Zilikuwa namba zile zile nilizozijua, za aina ile ya chini ya meza. Akanieleza kwamba tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wa laptopu wanaziandika ndani, kwenye chipu ya mazabodi, ile bodi kuu ya ndani ya mashine, ndiyo maana stika siku hizi haina kitu. Fundi anaweza kufomati diski mara kumi, zenyewe hazifutiki. Na tangazo la mwezi mmoja? Lilikuwa la Office. Word na Excel ndizo zilizokuwa za majaribio. Windows ililipiwa kiwandani, bei yake ikiwa ndani ya bei niliyotoa dukani, ndani ya mbuzi wa mama.

Sikuweza kusema neno kwa muda. Miezi sita nilikuwa nafanya kazi juu ya kitu cha wizi, na changu halali kipo hapo hapo ndani.

Jioni ile tulihamisha mafaili yangu baada ya kuyasafisha, akaleta flashi ya GB 8 yenye Windows 10 aliyoipakua kwa Microsoft wenyewe. Nilijiandaa kuingiza namba, kalamu na karatasi mkononi. Haikuniuliza. Ilisoma kule ndani, ikajichagulia toleo la Home lililotoka nayo kiwandani, ikaendelea. Ilipomaliza nikaiwashia hotspoti ya simu yangu, tukafungua ukurasa wa uamilishaji, yaani wa kuaktiveti, na baada ya muda mfupi ukaandika kwamba imeamilishwa kwa leseni ya kidijitali. Ulinzi ukajiwasha wenyewe. Msichana alikataa hela. Nikamchapia ripoti yake ya mwaka uliofuata bure, pamoja na ya yule mwenzake, kurasa zote na jalada.

Sasa ilibaki safari moja. Jumatatu nilimwendea fundi, nikiwa nimejaa maneno tangu Ng'ong'ona. Nilipofika sikuyatumia. Nilifungua laptopu juu ya meza yake, nikaandika ile amri ndefu niliyokuwa nimeinakili kwenye karatasi, nikamgeuzia kioo.

Aliangalia muda mrefu. Sikuona uso wa mwizi pale, naapa, niliona uso wa mtu anayehesabu. Mashine ngapi, za watu wangapi. "Dada," akasema, "mimi nilifundishwa hivyo hivyo na aliyenifundisha." Akavuta droo, akanihesabia elfu thelathini, noti tatu, bila mimi kudai. Kisha akaomba ile karatasi, akainakili amri nyuma ya kitabu cha risiti, akiniuliza kila alama, hii ni nafasi au imeungana.

Pembeni yake kulikuwa na laptopu mpya imewekwa kikaratasi chenye jina la mteja na neno moja: kufomati. Flashi ilikuwa tayari imechomekwa. Akaichomoa, akaiwasha mashine, akafungua dirisha jeusi na kuanza kuandika kwa kidole kimoja, macho yakirudi kwenye kitabu kila herufi. Mafungu matano yakatokea. Akachukua simu akampigia mwenye mashine, akamwambia aje aichukue, haidaiwi kitu.