Siku moja maishani mwangu: nani kaitoa gesi hii tutani?

Saa 11:30 alfajiri. Kimara bado giza, lakini kituo cha mwendokasi kimeshajaa. Begi langu lina mabomba ya sindano na vichupa vya kioo vilivyonyonywa hewa yote, vya kubebea gesi inayotoka udongoni. Askari wa getini ananikagua kwa macho, ananiacha nipite. Nashuka Ubungo, nadandia daladala ya Mwenge.

Saa 1 asubuhi. Bonde la Mto Mlalakuwa, kwenye matuta ya mchicha na matembele.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Umekuja na maboksi yako?”

Kabla sijafungua begi namhoji mwenye bustani. Jana kamwagilia saa ngapi? Mbolea ya kuku imeingia lini, na yurea je? Wapo wenzangu wanaoona haya ni maongezi ya kuvuta muda. Kwangu hiyo ni nusu ya kazi, na mchana utaniunga mkono.

Saa 3. Pete za plastiki zimo udongoni tangu jana, maana ukizichomeka leo na kupima leo unachafua majibu. Nafunika boksi juu ya pete, kisha nachota hewa kwa sindano kupitia kizibo cha mpira: mwanzoni, dakika ya 15, ya 30 na ya 45. Tunapenda muda huu wa kabla ya adhuhuri kwa sababu joto la udongo linakaribiana na wastani wa siku nzima.

Ninayoisaka ni nitrasi oksaidi, ile gesi ambayo madaktari wa meno huwavutisha wagonjwa. Ikipanda angani inakaa zaidi ya miaka 100, na kwa kipindi hicho kilo moja yake hupasha dunia joto mara 273 kuliko kilo ya kaboni dioksaidi. Mama kasikia hesabu hiyo, kaweka jembe chini.

“Kwa hiyo samadi yangu ndiyo mbaya?”

Namjibu kwamba bado sijui nani wa kulaumiwa. Kwenye tuta moja kuna bakteria wanaotumia oksijeni kugeuza amonia kuwa nitraiti, na gesi huchuruzika pembeni. Kuna wengine ambao oksijeni ikiwaishia, kwa mfano maji yakituama, hupumua kwa nitrati na kutoa gesi ileile. Kuvu nao wamo. Kama ni wale wa kwanza, tutazungumzia kiasi cha mbolea. Kama ni wa pili, tutazungumzia maji.

Saa 6. Maabara. Kromatografu, mashine ya kutenganisha na kupima gesi, inanipa kiasi cha gesi, basi. Udongo nauloweka kwenye maji ya kloridi ya potasiamu, unatikiswa saa nzima ili kutoa nitrati na amonia. Saa hiyo ndiyo nafasi yangu ya wali maharage kwa mama lishe.

Saa 8 mchana. Majibu ya vichupa vya mwezi uliopita yameingia kwenye barua pepe. Vipimo vya aisotopu, yaani atomu za aina moja zenye uzito tofauti, tunapimiwa nje ya nchi. Hapa ndipo utamu wa kazi ulipo. Atomu nyingi za naitrojeni zina uzito wa 14, ila chini ya 4 katika kila 1,000 zina uzito wa 15. Sasa fikiria molekuli ya gesi hii kama abiria watatu kwenye siti moja ya daladala: naitrojeni dirishani, naitrojeni katikati, oksijeni upande wa mlango. Swali letu ni yule mzito kakaa wapi. Mashine huivunja molekuli na kupima kipande kilichobaki na ile naitrojeni ya katikati. Toyoda na Yoshida wa Japani walichapisha njia hiyo mwaka 1999. Wale wanaotumia oksijeni huacha uzito mwingi katikati, tofauti ya takriban 33 kwa elfu kati ya katikati na dirishani. Bakteria wanaopumua nitrati huacha tofauti ya karibu na sifuri.

Raha inaishia hapo, kwa sababu kuvu nao huangukia kwenye thelathini na kitu. Isitoshe, bakteria wakiila sehemu ya gesi na kuigeuza naitrojeni ya kawaida, ile inayobaki huonekana nzito zaidi katikati. Tuta la tatu limetoka na thamani iliyo kati ya sifuri na 33. Ni mchanganyiko wa makundi mawili, au ni wapumua nitrati waliokula mazao yao wenyewe? Naangalia oksijeni ya uzito wa 18, nayo imepanda. Inaelekea kwenye ulaji, lakini mtu makini hawezi kuapa kwa hilo peke yake.

Saa 11 jioni. Nampigia mama. Nafungua daftari ukurasa wa siku ile: limeandikwa “mvua usiku”, basi.

“Tuta la tatu? Lile la bondeni, mwanangu. Mvua ile ilituamisha maji siku mbili, mchicha ukageuka njano. Niliuza tembele tu.”

Siku mbili bila hewa. Hapo ulaji wa gesi unaingia akilini, na nitrati niliyoikuta ikiwa kidogo kwenye udongo wa tuta lile inapata maelezo. Naandika pembeni: mfereji upande wa mtoni kwanza, samadi baadaye.

“Na hizo pete zako,” anaendelea, “uje uzing'oe kabla ya Ijumaa. Nataka kulima.”

Nimemwahidi Alhamisi asubuhi.