Menejimenti Ihakikishe

Kwa miaka kumi na mmoja niliandika maneno mawili mara nyingi kuliko jina la mume wangu: "Menejimenti ihakikishe." Ihakikishe mikataba ya wateja inatunzwa. Ihakikishe riba haizidi kiwango kilichowekwa. Ihakikishe kamati inakaa kila robo mwaka na mihtasari inasainiwa. Nilikuwa mkaguzi wa serikali hapa Dodoma, kwenye taasisi mojawapo inayosimamia watoa huduma ndogo za fedha, na maneno hayo ndiyo yalikuwa jembe langu. Mnafika kwa watu Jumatatu na gari la serikali, mnapewa chumba chenye feni mbovu na chupa ya chai, mnapekua mafaili siku tano. Ijumaa mnawasomea viongozi hoja, nao wamekunja mikono, kisha mnaondoka. Barua inafuata baadaye.

Tangu mwanzoni mwa 2022 barua hizo zinaletwa kwangu. Ni mkuu wa uzingatiaji, yaani wa kuhakikisha sheria na kanuni zinafuatwa, katika kampuni ya mikopo yenye makao hapa mjini na matawi Singida, Manyoni, Kondoa na Kibaigwa. Wengi ofisini wanasema tu "komplayansi", na maafisa mikopo wana jina lao lingine, nitalifikia.

Nianze na namna nilivyotoka, maana vijana wa serikalini huniuliza hilo kuliko jingine lolote. Kabla ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji wa mtaani alikuwa mtoto asiye na baba, kila ofisi ilimwona ni wa ofisi nyingine. Sheria ilipoanza kutumika Novemba 2019 kila mmoja akapangiwa daraja lake. La kwanza ni wanaopokea amana za watu, la pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, la tatu ni SACCOS, la nne ni vikundi vya kijamii, VICOBA na wenzake. Tulizunguka Mpwapwa, Kondoa na Manyoni tukieleza hayo kwenye kumbi za halmashauri hadi sauti zikakauka. Wenye kampuni waligundua kwamba kanuni ni nyingi na wa kuzisoma hawana, ndipo simu zikaanza kuingia.

Mama yangu, aliyeko Mpwapwa, aliuliza kama nimefukuzwa. Kwake mtu hatoki serikalini kwa miguu yake mwenyewe. Nilimwonyesha mkataba, akaushika juu chini, akasema, "Haya, na uzee wako nani anaulipa?" Swali lilikuwa la maana. Serikalini mwajiri alikuwa ananichangia asilimia 15 PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, nami naweka 5. Huku nilikohamia, NSSF, mfuko wa sekta binafsi, tunagawana kumi kwa kumi. Mshahara mpya uliokuwa unang'aa kwenye karatasi ulipungua mng'ao nilipopiga hesabu hiyo mezani, na posho za safari ambazo wakaguzi huzizoea kama chumvi nazo nikazitoa. Nilibaki na ongezeko, ila si lile nililokuwa nimeliota.

Jambo moja tu nililipigania kwenye mkataba, nalo ni kwamba ripoti zangu zifike kwenye bodi bila kupitia kwa mtendaji mkuu, na kwamba bodi pekee ndiyo iweze kunifukuza. Walisita wiki mbili. Nilikwishaona, nikiwa mkaguzi, maafisa uzingatiaji wanaotuletea majibu ya hoja huku macho yao yakimtazama bosi kila baada ya sentensi. Sikutaka kuwa huyo.

Wiki ya tatu kazini mtendaji mkuu aliniita. Kulikuwa na barua ya msimamizi, taasisi ile niliyotoka, inayotaka maelezo kuhusu ada tunazokata wateja juu ya riba. Akanisogezea, akatabasamu. "Mama, hawa si wenzako? Wapigie tu, yaishe." Nikaelewa wamenunua nini. Elimu yangu ya kanuni ilikuwa nyongeza. Walichokilipia hasa ni namba zilizo kwenye simu yangu.

Nilimwambia nitajibu kwa barua, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna jambo la kampuni nitakalolipeleka kule kwa simu. Alininunia. Tuliandika maelezo kurasa nne, tukaambatanisha jedwali la kila ada na sababu yake. Mbili zilikosa sababu hata baada ya kukaa siku nzima na mhasibu, kwa hiyo tukasema zinafutwa. Jibu lilichukua siku 19, na kwa siku zote 19 salamu yangu ya asubuhi ilijibiwa kwa kichwa tu.

Upande wa wenzangu wa zamani uliniuma zaidi. Nilijitoa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi ya zamani, maana mle zilipita ratiba za safari za ukaguzi, na mtu wa kampuni hana haki ya kuziona. Nikaitwa mwenye maringo. Kisha mama wa mwenzangu mmoja, tuliyelala naye gesti za Itigi na Kongwa miaka yote ile, akafariki, nami nikapata habari wamekwisha kuzika. Nilikwenda kwake Nkuhungu nikakaa kwenye mkeka na aibu yangu. Mpaka leo sijapata namna ya kulimaliza hilo vizuri.

Sasa Kibaigwa. Nilikwenda tawini bila taarifa, msimu wa mahindi, barabara ya Morogoro imejaa malori. Nikaomba sefu ifunguliwe. Ndani, chini ya bahasha za fedha, kulikuwa na kadi za benki zaidi ya mia mbili, zimefungwa kwa mpira kumi kumi kama karata, na kila moja imebandikwa kipande cha salatepu chenye tarakimu nne. Namba za siri. Wenyewe ni walimu, wauguzi, wastaafu. Mshahara ukiingia, afisa mikopo anabeba fungu lake hadi kwenye mashine, anatoa rejesho, kinachobaki mwenye kadi anakifuata dirishani kama anaomba. Mtaani mikopo ya hivi ina jina, kausha damu, na mimi nilikuwa nimelitumia kwenye semina nikiwasema watu wengine.

Zamani ningeandika hoja, nikatoa siku thelathini, nikala kuku wa Kibaigwa, nikarudi mjini. Safari hii nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikamuuliza meneja wa tawi kwa nini. Hakuwa mtu mbaya. Alinijibu kwa upole, "Mama, tukizirudisha, marejesho yanakufa. Na yakifa, mimi na vijana wangu hatuli." Akanionyesha hati zao za mishahara. Mshahara ulikuwa mdogo sana, kilichobaki chote kilikuwa kamisheni inayotokana na mikopo iliyotolewa, na mteja asipolipa, afisa anakatwa. Hebu fikiria. Kijana analipwa kwa kutoa, anaadhibiwa kwa kutorejeshwa, halafu tunashangaa akishika kadi ya mwalimu.

Katika miaka kumi na mmoja sikuwahi kuomba kuona mfumo wa kamisheni wa taasisi yoyote. Haukuwa kwenye orodha yetu ya ukaguzi. Nalisema hili kwa kujisuta mwenyewe, maana orodha ile sehemu kubwa niliiandika mimi.

Kadi zilirudi kwa wenyewe ndani ya wiki tatu, tawi kwa tawi, kila mtu akisaini. Mwalimu mmoja mstaafu, mzee wa Kigogo mwenye kofia ya sufi, alisikiliza maelezo yangu yote ya kuomba radhi. Akaigeuza kadi mkononi, akauliza, "Na namba yangu ya siri, mwanangu, nayo mnanirudishia?" Watu kwenye foleni walicheka. Mimi sikuweza. Tulimpeleka benki akabadilishe, na kuanzia hapo ikawa utaratibu kwamba hakuna anayekabidhiwa kadi bila kusindikizwa kubadili namba.

Kamisheni ndiyo iliyonichukua miezi saba. Mkuu wa fedha alikuja kwenye bodi na michoro inayoonyesha kampuni ikifa. Mimi nilikuja na kaunta buku. Hiyo ndiyo silaha yangu hadi leo. Kila hoja, ya msimamizi au ya kwangu, nimeipa ukurasa. Juu naandika ni nani, kwa jina lake, si cheo, kisha tarehe, kisha itagharimu shilingi ngapi na zinatoka fungu gani. "Menejimenti" haina ukurasa. Ukiondoa neno hilo watu wanaanza kubishana kwa kweli, maana sasa kuna mtu atakayeamka usiku. Nilisoma kurasa za Kibaigwa mbele ya bodi, moja baada ya nyingine, pamoja na malalamiko ya wateja ambayo yalikuwa yamefungiwa droo. Mwisho walikubali mshahara wa msingi uongezwe, na nusu ya kamisheni isubiri hadi mkopo urejeshwe bila malalamiko. Marejesho yalishuka robo ya kwanza, mkuu wa fedha akanitazama kwa furaha isiyofichika. Robo ya tatu yakapanda. Hajaniambia chochote kuhusu robo ya tatu.

Maafisa mikopo walikwishanibatiza Mama Usitoe. Nililisikia Manyoni kwa bahati, mlango ukiwa wazi. Jina zuri, naona.

Kuna mambo ya kazi hii ambayo yanakuwa magumu kwa sababu tu uko Dodoma. Sheria ya kudhibiti fedha haramu inataka mteja mwenye nafasi ya kisiasa, pamoja na familia yake na watu wake wa karibu, achunguzwe zaidi, mali yake ijulikane chanzo, na kiongozi wa juu aidhinishe kabla hajahudumiwa. Mahali pengine huyo ni mteja mmoja kwa mwaka. Hapa, tangu serikali ihamie, ni jirani yako Ilazo, ni mtu aliye mbele yako kwenye bucha la Area D, ni shemeji wa mwenye nyumba wenu. Kijana wa dirishani anamwogopa kumuuliza fedha ametoa wapi. Nilitunga fomu fupi inayojazwa na kila mteja wa kiwango fulani, awe muuza zabibu wa Hombolo au nani, ili asitokee wa kusema ameonewa. Oktoba 2022, Tanzania ilipoingizwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia nchi zenye udhaifu katika kudhibiti fedha haramu, mkopeshaji wa nje ya nchi anayeikopesha kampuni yetu alituma maswali kurasa kumi na moja, na fomu zile ndizo zilizotujibia. Nchi ilitolewa kwenye orodha hiyo Juni 2025. Maswali ya mkopeshaji yule hayajapungua hata ukurasa.

Programu ya simu nitaigusia tu. Idara ya masoko ilitaka yetu isome majina yote kwenye simu ya mkopaji ili akichelewa wapigiwe ndugu na wakwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, ilinipa hoja, lakini waliona nazuia maendeleo. Benki Kuu ilipotangaza Novemba 2024 programu 69 za mikopo zisizo na leseni, mkuu wa masoko alinitumia tangazo lile bila neno lolote.

Ukaguzi wetu wa kwanza nikiwa upande huu uliongozwa na kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe. Niliwapa chumba chenye feni nzima. Chakula cha mchana walikwenda kula wenyewe, nami nilikula kwangu. Siku tano tuliitana "Mkaguzi" na "Mkuu", mbele ya watu na nyuma yao. Alipekua vizuri. Alikuta mikataba ya Singida iliyosainiwa kabla ya mteja kupewa muhtasari wa gharama, kitu nilichokuwa nimepita juu yake mara mbili bila kukiona. Ijumaa akasimama, akasoma, na nilijua neno linalokuja kabla hajafungua mdomo. Menejimenti ihakikishe. Nilimwomba kwa adabu hoja ile iandikwe tarehe na tawi. Akanitazama, akacheka kidogo, akaandika.

Jioni nilimkuta nje kwenye vumbi la maegesho, wenzake wamekwisha kuingia garini. Akasogea, akapunguza sauti. "Dada, huku kwenu nafasi hazitoki?"

Nikamwambia amalize ripoti, aisaini, ipokelewe na kugongwa muhuri, tuijibu, mwaka upite. Baada ya hapo aandike barua ya maombi, aipeleke mapokezi kama watu wengine. Namba yangu asiitumie.

"Sawa, Mkuu," akasema, akapanda gari.