Mguu wa kushoto ulipovimba katikati ya kemo

Kemo yenyewe niliizoea mapema kuliko nilivyodhani. Kilichonihangaisha ni mguu.

Nilikuwa natibiwa saratani ya shingo ya kizazi pale Ocean Road, Dar es Salaam: mionzi Jumatatu hadi Ijumaa, na mara moja kwa wiki dripu ya kemo, yaani dawa ya saratani iitwayo sisplatini. Nilikuja kwa basi kutoka Iringa, kutwa nzima nimekaa. Matibabu yakiwa yamepamba moto, mguu wa kushoto ukaanza kujaa kifundoni, ukapanda hadi pajani. Ngozi ilivutika ikang'aa, na nyuma ya mguu nikibonyeza panauma. Wa kulia mzima kabisa.

Kwa shangazi Mbagala, nilikofikia, kila mtu alikuwa na jibu lake. Jirani mmoja akasema ni matende, mwingine akanong'ona kwamba nimekanyaga kitu nilichotegewa. Shangazi alikwishapasha mafuta ya nazi anichue. Nikamwambia, "Shangazi, usinikasirikie, tusiuguse kwanza." Siku ya dripu ya kwanza sista alitutahadharisha: mguu mmoja ukivimba, au pumzi ikibana na kifua kuchoma unapovuta hewa, njoo siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Kwenye kipimo cha altrasaundi daktari alinionyesha mwenyewe. Akibonyeza paja la kulia, mshipa unajifunga kama mdomo. La kushoto, anabonyeza na mshipa umebaki duara vilevile: ndani kuna damu iliyoganda. Saratani huifanya damu iwe rahisi kuganda, sisplatini huongeza, uvimbe wa nyonga unabana mishipa, halafu ongeza ule mwendo wa basi. Si jambo jipya. Daktari Mfaransa Armand Trousseau alilieleza tangu 1865. Lakini kwenye benchi letu la kusubiri mionzi hakuna aliyewahi kulisikia. Shangazi alipoambiwa kwamba kuchua kunaweza kumegua bonge likakimbilia kwenye mapafu, alinyamaza njia nzima.

Nikaandikiwa sindano za enoksaparini. Nina kilo 60, kwa hiyo miligramu 60 asubuhi na 60 jioni. Mtaani wanaziita sindano za kuyeyusha damu, ila daktari alifafanua kwamba haziyeyushi: zinazuia bonge lisikue, mwili wenyewe unalimaliza polepole. Niliuliza vidonge, maana nani anapenda kujichoma? Akasema vipo, rivaroksabani na apiksabani, lakini mimi bado nilikuwa natokwa damu ukeni na vingeweza kuizidisha. Wafarini, kidonge kingine cha kazi hiyohiyo, nayo ina vipimo vya damu vya mara kwa mara, na inabidi mboga za majani ziliwe kwa kipimo kilekile. Mimi na kisamvu? Sindano basi.

Mara ya kwanza mikono ilitetemeka. Unakaa umeegemea, unabana mkunjo wa ngozi ya tumbo mbali na kitovu, unaingiza sindano wima, unasukuma taratibu, unahesabu hadi kumi, ndiyo unatoa. Kile kipovu cha hewa ndani ya bomba usikitoe. Ukimaliza usisugue, na kesho hamia upande wa pili. Hata hivyo tumbo langu lilijaa madoa ya zambarau. Sindano zilizotumika nilizitia kwenye dumu gumu, nikazirudisha hospitali.

Joto lilikuwa tatizo. Dawa inataka isizidi nyuzi 25 na isigande, na chumba changu mchana ni tanuri. Muuza dawa wa mtaani, ambaye duka lake lina kiyoyozi, alikubali kunitunzia boksi; mimi nikawa nachukua za siku mbili tatu. Mungu ambariki yule kijana.

Kazi kubwa ilikuwa ni vipimo vya kila wiki. Kemo hushusha chembe sahani, zile zinazosaidia kuzuia damu kuvuja, na wewe huku unajichoma dawa ya kuzuia damu isigande. Wiki moja zilishuka chini ya elfu 50: dripu ikaahirishwa na dozi ikakatwa nusu mpaka zilipopanda. Figo nazo ziliangaliwa, kwa sababu sisplatini huzichosha na enoksaparini hutoka mwilini kupitia hukohuko. Kila siku niliandika nimetumia pedi ngapi, na daktari alilisoma lile daftari kwa makini kuliko nilivyotarajia. Diklofenaki na aspirini nilizipa mkono wa kwaheri. Maumivu yakizidi, parasetamoli.

Mionzi ilipokwisha niliendelea kujichoma miezi kadhaa nyumbani Iringa, hadi kipimo kilipoonyesha mshipa umefunguka na daktari akaridhika na hali ya saratani. Mguu bado hujaa jioni nikisimama sana. Navaa soksi ya kubana, na nikipanda basi la Dar nakata kiti cha upande wa njia, nachezesha vifundo, na Morogoro nashuka hata kama sina haja ya choo.