Kijiji cha wavuvi kilichomla mjomba wangu

Binamu yangu wa Mwanga bado namdai mjomba mmoja.

Nacheza XCOM: Enemy Unknown, gemu la mwaka 2012, pamoja na nyongeza yake ya 2013, Enemy Within. Nilipakua kwa bando la usiku, siku tatu au nne, hela iliyokwenda mke wangu asiulize. Ni gemu la zamu: unasogeza askari wako, mwisho sita, kisha viumbe wa anga za juu nao wanasogea. Askari akifa, amekufa. Mimi kwa ujinga wangu nikawapa majina ya ndugu: mjomba bunduki nzito, shemeji snaipa, shangazi mganga.

Ikaja misheni ya Newfoundland, kule Kanada. Kijiji cha wavuvi, kimya kabisa. Mimi niliyekulia Kibirizi, mwalo wa wavuvi kule Kigoma, nilipaswa kushtuka palepale. Mwalo gani huo hauna hata mtu mmoja anayebishania bei ya dagaa? Unafika kwenye meli, ndani kuna nyangumi mfu, na humo wanatoka Chryssalid, madude yenye miguu ya kaa. Hayana bunduki, yanakuja mbio na kukutoboa. Wakimuua mtu anainuka zombi, na zombi ukichelewa kumuua anapasuka, anatoka Chryssalid mwingine. Kazi yako ni kuita ndege zije kulipua meli, halafu uwahi ndege yako kabla zamu hazijaisha.

Binamu akasema, "Kaka, hiyo ni mbio tu. Ukikaa ovawochi unapoteza muda." Ovawochi ni kumwacha askari ameelekeza bunduki, kinachosogea kwenye zamu ya adui anakipiga. Nikamsikiliza. Nikawatimua wote sita kama watoto waliosikia kengele ya kutoka shule. Mjomba akafika melini wa kwanza, akatobolewa wa kwanza, akainuka zombi, akamgeukia shangazi. Shemeji yuko juu ya paa, gemu linampa asilimia 91 ya kulenga, nikabonyeza huku natabasamu. Risasi ikaenda ziwani. Sawa, baharini.

Nikarudi pale nilipohifadhi. Akakosa. Nikarudi tena, akakosa. Mara ya nane hivi ndipo nikang'amua kwamba gemu limeshaamua: ukirudia risasi ileile utapata jibu lilelile. Kumbe unabadilisha mpangilio! Nikamtanguliza kuruta mmoja apige hovyo, akakosa yeye, risasi iliyofuata ya shemeji ikapasua. Nilicheka peke yangu saa nane usiku hadi mke wangu akaamka. Wanaoita huo wizi, waje tuzungumze.

Ila mjomba alikuwa ameshakwenda, nilihifadhi nikiwa nimechelewa. Nikaanza misheni upya.

Babu yangu wa Ujiji akicheza bao hashiki kete kabla hajajua ya mwisho itadondoka wapi. Nikafanya hivyo. Nikahesabu hatua kuanzia kwenye ndege kurudi nyuma mpaka melini, na kila zamu ilipoishia nikamweka mtu. Wanne njiani, wote ovawochi, mmoja wao shemeji paani. Mjomba hakuingia hata melini, nilimwacha karibu na ndege na roketi yake. Aliyeingia ni kuruta mwenye miguu mepesi, jina nilimpa la binamu. Chryssalid hawajibanzi popote, wanakuja wima wazi, kwa hiyo kila walipotoka walipita kwenye bunduki nne. Mabomu ya mkono nayo usiyabanie, yale hayana asilimia, yanapiga tu. Na usimsogeze mtu wa mwisho kwenye zamu kwenda sehemu usiyoiona, utaamsha kundi jipya na huna tena wa kulipiga.

Ndege zikalipua. Watano tukapanda. Binamu alibaki hatua mbili nyuma, ningeweza kumsubiri zamu moja zaidi.